Je, simu ya kitochi ni analojia?

Swali: Habari za kazi, mhandisi. Mimi ni mama wa miaka 61, nauza vitenge Temeke. Mwisho wa mwaka 2012 tulizimiwa televisheni za analojia, tukahangaika na ving'amuzi. Sasa mjukuu wangu ananiambia kitochi changu nacho ni analojia na siku yoyote kitazimwa. Kwani simu nazo zilihama kutoka analojia kwenda dijitali? Lini, na mbona hatukutangaziwa? Na hiki kitochi nikitupe?

Jibu: Shikamoo mama. Usikitupe. Kitochi chako ni dijitali tangu kilipotoka kiwandani, na kwa upande huo hakina tofauti na simu ya kioo ya mjukuu wako. Simu za analojia zilikuwepo kweli, hata hapa Dar es Salaam, ila waliozishika walikuwa wachache mno, na wengi wetu tulinunua simu ya kwanza wakati zama zake zimeshapita. Mjukuu hajakosea kila kitu, lakini. Kuna kuzimwa kwa aina nyingine, na hilo nitalifikia.

Simu ya kwanza ya mkononi kuuzwa kwa watu wa kawaida (kama mtu mwenye dola 3,995 za wakati ule ni wa kawaida) ilikuwa Motorola DynaTAC 8000X, iliyoingia sokoni Marekani kati ya mwaka 1983 na 1984. Ilikaribia uzito wa gramu 800, na iliichukua saa kumi hivi kujaa chaji ili mwenyewe aongee nusu saa. Mitandao ilikuwa imetangulia kidogo: Tokyo mwaka 1979 kwa simu za kwenye magari, Skandinavia mwaka 1981, Chicago Oktoba 1983, Uingereza Januari 1985. Na Afrika haikuchelewa kama tunavyodhani. Mwaka 1986 Miko Rwayitare, mzaliwa wa Rwanda, alianzisha Telecel mjini Kinshasa. Simu za waya za Zaire (Kongo ya leo) zilikuwa hoi, na wakubwa wa serikali pamoja na wafanyabiashara wa madini walikuwa tayari kulipa bei yoyote ili wapate kuongea. Kenya ilifuata mwaka 1993 chini ya Shirika la Posta na Simu, na sisi mwaka 1994 kupitia Mobitel, kampuni ambayo jina lake limebadilika mara kadhaa hadi kuwa Tigo na sasa Yas.

Mitandao yote hiyo ilianza kwa analojia. Nairobi simu moja ilifikia karibu shilingi 250,000 za Kenya, na hadi mwaka 1999 wateja wa nchi nzima hawakufika 20,000. Ukitaka kujua kwa nini hukutangaziwa, sababu kubwa ni hiyo: tangazo lingewahusu watu wasiojaza hata uwanja wa mpira.

Sasa tuingie ndani ya simu yenyewe.

Unapoongea, maikrofoni inageuza sauti yako kuwa umeme unaopanda na kushuka vile vile sauti inavyopanda na kushuka. Simu ya analojia iliuchukua umeme huo ikaupakia moja kwa moja juu ya wimbi la redio, kama stesheni ya FM inavyofanya hadi leo. Wimbi likifika mnarani limeshaokota takataka nyingi njiani: cheche za plagi za magari, radi, mawimbi ya watu wengine, mwangwi uliogonga majengo. Mnara hauna namna ya kujua kipi ni sauti yako na kipi ni takataka, basi unapitisha vyote. Ndiyo maana simu zile zilikuwa zinakwaruza.

Simu ya dijitali hairushi umbo la sauti. Inaupima ule umeme mara 8,000 kila sekunde, kila kipimo inakiandika kwa namba, na kinachoruka hewani ni sifuri na moja tu. Fikiria unamsomea mwanao namba za vocha kwa simu na pembeni kuna jenereta linanguruma. Atazipata, kwa sababu kila unapotamka anachagua kimoja kati ya tarakimu kumi anazozijua. Lakini ukimwimbia wimbo ambao hajawahi kuusikia, nusu yake itapotelea kwenye ngurumo. Dijitali ni kusoma namba za vocha, tena ina tarakimu mbili tu za kuchagua, kwa hiyo kukosea kunakuwa kugumu zaidi.

Shida ni kwamba namba hizo zikiachwa ghafi ni nyingi kupita kiasi. Ni zaidi ya biti (yaani hizo sifuri na moja) 100,000 kila sekunde kwa sauti ya mtu mmoja, na ukizirusha hivyo zinakula nafasi kuliko hata analojia. Hapa ndipo penye ufundi ambao mimi binafsi bado unanifurahisha. Mfumo wa GSM, uliomo kwenye kitochi chako, unakata sauti vipande vifupi, vipande 50 kwa sekunde. Kwa kila kipande simu inakadiria: koo na mdomo wa huyu mtu vimekaaje sasa hivi hadi vikatoa mlio huu? Kisha inatuma maelezo ya huo mkao, biti 260 tu kwa kipande, yaani 13,000 kwa sekunde. Upande wa pili, simu inasoma maelezo na kuitengeneza sauti upya. Kwa hiyo, mama, unapomsikia mwanao aliye Mwanza, unayemsikia ni simu yako ikimuigiza kwa kufuata maelezo yake. Inaigiza vizuri, lakini ni binadamu tu inayemjua. Ukipigiwa muziki huku ukisubiri kuhudumiwa na benki, muziki unasikika kama unatoka ndani ya debe, kwa sababu mfumo unalazimisha ngoma na gitaa vipite kwenye koo la mtu.

Zile biti 260 nazo hazirushwi kavu. Hamsini za muhimu zaidi zinalindwa kwa nguvu, 132 zinalindwa kiasi, na 78 zinaachwa bila ulinzi wowote, kwa kuwa zikiharibika sikio halishtuki. Pamoja na ulinzi huo zinafika 456, kisha zinachanganywa na kutawanywa ili kelele ya ghafla isifute neno zima. Matokeo yake umeyazoea: sauti inabaki safi hata ukiwa mbali na mnara, halafu ghafla inakatikakatika kama roboti, na simu inakata. Analojia ilikuwa inafifia polepole, ukiongeza sauti unaendelea kuongea juu ya mkwaruzo. Wazee waliotumia zote mbili husema ile ya zamani ilikuwa na sauti ya asili zaidi pale mtandao ulipokuwa mzuri. Hawajakosea. GSM ya mwanzo haikuwa na sauti ya kujivunia.

Kama sauti haikuwa nzuri zaidi, dunia ilihama kwa ajili ya nini? Jibu la haraka utakaloambiwa na wengi ni hili: kwenye analojia kila maongezi yalikamata masafa yake peke yake, lakini GSM inawapanga watu wanane kwenye masafa yale yale, kila mmoja akiongea kwa zamu yake fupi sana, kwa hiyo nafasi ikaongezeka mara nane. Inapendeza, ila si kweli. Chukua karatasi upige hesabu. Mfumo wa analojia uliotumika Uingereza na Kenya ulimpa kila mtu nafasi ya 25 kHz (kHz ni kipimo cha upana wa masafa). GSM inatumia nafasi ya 200 kHz kwa watu wanane. Gawanya 200 kwa 8: ni 25. Hakuna kilichoongezeka!

Faida ilitoka kwingine. Masafa ni machache, kwa hiyo mtandao unalazimika kuyarudia: yale yanayotumiwa na mnara wa Temeke yatumiwe tena na mnara mwingine mbali kidogo, labda Mbagala, labda Kibaha. Hatari yake ni kwamba minara hiyo inaingiliana. Simu za analojia hazikuvumilia. Ili maongezi yasikike vizuri, nguvu ya mnara wako ilibidi iuzidi mnara mwenye masafa yale yale mara 60 hivi. GSM inatosheka na mara nane, kwa sababu ya ile kazi ya kuchagua kati ya sifuri na moja, na zile biti za ulinzi. Minara yenye masafa sawa ikaweza kusogezwa karibu zaidi, na mji ule ule, kwa masafa yale yale, ukabeba watu wengi zaidi. Ongeza kwamba simu inapunguza nguvu yenyewe ukiwa karibu na mnara, na inanyamaza unapokuwa unasikiliza, hivyo haiwasumbui wengine. Baadaye ikaja namna ya kubana sauti zaidi, zile zamu nane zikawatosha watu 16. Mji kama Dar es Salaam usingeweza kuwapa simu mamilioni ya watu kwa analojia hata kama simu zingegawiwa bure.

Zile zamu, ingawa si zenyewe zilizoleta nafasi, zilileta vitu viwili ulivyoviona kwa macho. Cha kwanza ni betri ndogo. Simu ya GSM inarusha mawimbi sehemu moja tu ya nane ya muda, iliyobaki inapumzika. Cha pili unakikumbuka hakika: ule mlio wa "trrr-trrr-trrr" kwenye spika ya redio, sekunde moja au mbili kabla simu haijaita. Ni simu ikiwaka na kuzima mara 217 kila sekunde kufuata zamu yake, na nyaya za redio zinaunasa mdundo huo. Kila kitochi kilichowahi kukoroma karibu na redio kilikuwa kinatoa ushahidi kwamba ni dijitali. Simu ya analojia ilirusha wimbi mfululizo, isingeweza kulia hivyo.

Kulikuwa na hasara moja pia. Zamu zikitaka kwenda sawa, mnara lazima ujue simu iko umbali gani ili iwahi kurusha, na hesabu ya GSM ya kawaida inaishia kilomita 35. Ukizidisha hapo, hata kama mawimbi yanafika, zamu yako inamwangukia mwenzako. Wavuvi wanaokwenda mbali na pwani wanaujua ukuta huo bila kuambiwa jina lake.

Jambo la pili kwa uzito, na kwangu mimi pengine la kwanza, ni wizi. Simu ya analojia ilikuwa inajitambulisha kwa mnara kwa kutaja namba yake na namba ya kiwandani hewani, waziwazi. Mwizi mwenye redio ya kunasa masafa alizinakili, akazipachika kwenye simu nyingine, na bili ikaja kwako. Marekani wizi huo ulishamiri miaka ya 1990. Na maongezi yenyewe, kwa kuwa yalikuwa FM ya kawaida, mtu yeyote mwenye redio ya aina hiyo aliyasikiliza akiwa sebuleni kwake. Waulize watu wa jumba la kifalme la Uingereza: maongezi ya faragha ya Diana ya mwishoni mwa 1989 yalinaswa na mtu aliyekuwa anachezea redio yake, na mwaka 1992 yakawa gazetini.

GSM ikaleta laini, hiyo kadi ndogo unayoihamisha kutoka simu hadi simu. Ndani yake mna ufunguo wa siri ambao hautoki kamwe. Mnara unatuma namba ya kubahatisha, laini inaichanganya na ule ufunguo na kurudisha jibu, mtandao unalinganisha. Aliyenasa jibu la leo hawezi kulitumia kesho, maana kesho swali ni lingine. Usifikiri ni ngome, lakini. Kitochi chako kinajithibitisha kwa mnara, ila mnara haujithibitishi kwa kitochi, na matapeli wa nchi mbalimbali wametumia minara bandia kwa sababu ya pengo hilo hilo. Lilizibwa kwenye 3G, kizazi kilichofuata.

Kisha kuna meseji. Ili zamu zote hizo ziende, simu na mnara vinaongea vyenyewe kwa vyenyewe muda wote, hata ukiwa umelala, kwenye njia ndogo ya pembeni. Wahandisi waliona njia ile ina nafasi isiyotumika, wakaamua ibebe maandishi: herufi 160, wala si kwa sababu ya ubahili, ni kwamba nafasi yenyewe iliishia hapo. Meseji ya kwanza ilitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992 na mhandisi Neil Papworth, akitakia heri ya Krismasi. Ukibonyeza *150*00# unapita kwenye njia hiyo hiyo ya pembeni. M-Pesa iliyoanza Kenya Machi 2007 na hapa kwetu mwaka uliofuata imesimama juu ya vitu viwili, laini yenye ufunguo na njia ya pembeni, na mitandao ile ya analojia haikuwa nacho hata kimoja. Hela za vitenge vyako zinazoingia kwenye simu ni matunda ya kuhama kule, kuliko hata sauti.

Kuhusu lini: Wazungu walianza kupanga mwaka 1982, maana kila nchi ilikuwa na mfumo wake na simu ya Sweden haikufanya kazi Uingereza wala Ujerumani. Septemba 1987, kampuni na mashirika ya simu ya nchi 13 yalitia saini Copenhagen kwamba yatajenga mfumo mmoja. Simu ya kwanza ya GSM ilipigwa Finland tarehe 1 Julai 1991, waziri mkuu wa zamani Harri Holkeri akimpigia naibu meya wa Tampere. Kwa kuwa mfumo ulikuwa mmoja, viwanda vilitengeneza simu kwa mamilioni na bei ikaanguka, na mfanyabiashara wa Kariakoo akaweza kununua mzigo Dubai akijua utafanya kazi hapa. Marekani walikwenda njia zao, zaidi ya moja. Ndiyo maana baadhi ya simu ambazo ndugu walituletea kutoka kule hazikuwa hata na pa kuweka laini.

Huku kwetu kuhama kulikuja kwa ushindani. Mtandao wa Safaricom, wakati ule ukiwa bado ndani ya Shirika la Posta na Simu, ulipandishwa kuwa GSM mwaka 1996. Vodacom ilipoingia Tanzania mwaka 2000, iliingia na GSM moja kwa moja. Mwenye analojia hakuwa na la kumjibu mshindani mwenye laini, vocha na meseji, zaidi ya kuhama naye. Halafu masafa yenyewe yalikuwa yamepandana: sehemu kubwa ya masafa ya analojia ndiyo hiyo hiyo GSM iliyokuwa inayahitaji, kwa hiyo kuviweka vyote viwili kwa muda mrefu kulikuwa kujinyima. Uingereza walizima analojia mwaka 2001. Marekani waliilazimisha kuendelea hadi tarehe 18 Februari 2008, kisha kampuni zikaruhusiwa kufunga.

Televisheni ilikuwa kinyume chake. Pale serikali ilisukuma, kwa sababu nchi zilikuwa zimekubaliana kimataifa kuwa ukomo ni Juni 2015, na walioguswa walikuwa kila nyumba yenye antena. Na unajua masafa yaliyoachwa na televisheni yalikwenda wapi? Kwenye simu. Mwaka 2018 TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, iliyapiga mnada masafa ya 700 MHz, na hayo ndiyo yanayofaa kusambaza 4G vijijini kwa minara michache. Intaneti ya mjukuu wako ina mchango wa kile king'amuzi ulichonunua kwa kulazimishwa.

Sasa lile la kuzimwa. Kitochi chako kinatumia 2G, kizazi cha pili, yaani cha kwanza cha dijitali. Baadhi ya nchi zimeanza kukizima; AT&T ya Marekani ilizima 2G yake tarehe 1 Januari 2017. Nchi nyingine, Ujerumani ikiwemo, zilizima 3G kwanza zikaiacha 2G, kwa sababu 2G inabeba vitu vingi ambavyo watu wamevisahau: mashine za kulipia kwa kadi, vifaa vya kufuatilia magari, mita. Hapa kwetu ongeza vitochi vya mamilioni ya watu na miamala yao. Kampuni itakayozima 2G kwa pupa itakuwa inafukuza wateja wake yenyewe, kwa hiyo sioni ikitokea ghafla kama televisheni. Hata simu ya mjukuu, mtazame akipiga simu ya kawaida: mara nyingi ile alama ya 4G juu ya kioo inaondoka wakati anaongea, kwa sababu simu nyingi bado zinashuka hadi 3G au 2G ili kubeba sauti.

Kwa hiyo endelea nacho mpaka kife chenyewe. Siku ukienda kununua kingine, muulize muuzaji vitochi vya 4G, vipo, vina vitufe na tochi kama hicho. Hakikisha pia kinapiga simu za sauti juu ya 4G, si intaneti tu. Kabla hujatoa hela bonyeza *#06#, itatokea namba ya tarakimu 15. Itume kwa meseji kwenda 15090 uone kama jina la simu litakalorudi ndilo lililoandikwa kwenye boksi. Waliozimiwa simu bandia usiku ule wa Juni 2016 wengi wao hawakuwa na kosa zaidi ya kutokubonyeza hivyo.